Mwaka Profesa Alipokuwa Bubu Nyumbani Kwetu

Tulimzika Profesa Lazare siku ya Jumamosi. Kanisani nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mtandio umenifunika nusu ya uso kama mtu aliyeingia kwenye karamu bila kualikwa. Waliosimama kumsifu walikuwa wengi: mkuu wa kitivo, padri aliyesoma naye utotoni, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni daktari. Wote, utadhani walikuwa wamepatana, walisifu sauti yake. Walisema hakuwahi kuhitaji kipaza sauti hata kwenye ukumbi mkubwa, na kwamba mtu akipita nje barabarani aliweza kuandika somo lake bila kuingia darasani. Kila walipoitaja sauti hiyo niliinamisha kichwa. Kisha wakasoma wasifu ulioandikwa na mke wake, na ndani yake ilisemwa kwamba mwaka ule mbaya kuliko yote Profesa alikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, mkimbizi kama wengine. Hakuna aliyegeuka kunitazama, maana hakuna aliyejua. Uvira alifika mwishoni tu. Kabla ya hapo alikuwa Buyenzi, katika jiko la mama yangu, akiosha sahani, na mtaa mzima ulimjua kwa jina moja: Bubu.

Mwaka ule nilikuwa nasoma biolojia, mwaka wa tatu chuoni. Vita vilikuwa vimeukata mji vipande, mtaa huu wa hawa na mtaa ule wa wale, na katikati yake mawe, magogo na vijana wa bariyeri waliokutazama pua, wakitafuta kabila lako, kabla ya kukusalimia. Sisi Waswahili wa Buyenzi tulihesabiwa kuwa si wa huku wala si wa kule, na kwa muda jambo hilo lilitusaidia kupita. Darasani halikunisaidia. Wenzangu walipotaka kusema fulani ni mwongo walisema, "Huyo ni Muswahili," halafu wakakumbuka kwamba nimekaa pale, wakanigeukia: "Si wewe, Zaina." Kifaransa changu kilikuwa cha shule ya mtaani, kimechanganyika na maneno ya mafundi gari, na nilipoitwa mbele nilihisi ulimi umevimba. Nilizoea kuona aibu kabla hata sijafanya lolote. Niliona haya kwa harufu ya vitunguu kwenye nguo zangu, kwa jina la mtaa wangu, na kwa mama yangu aliyewapikia wali na maharagwe mafundi wenye mikono ya grisi. Profesa Lazare peke yake hakuwahi kunicheka. Siku moja nilichanganya maneno ubaoni na darasa zima likaangua kicheko. Akangoja mpaka wakachoka, akasema kwa ile sauti yake, "Madmwazeli amekosea neno. Ninyi mmekosea jambo. Aendelee." Wiki hiyohiyo alinichagua niwe mtunzaji wa nzi wake.

Nzi hao walikuwa wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Aliwaleta kutoka Ulaya alikosomea, kwenye chupa iliyofichwa ndani ya soksi, na aliwatunza kizazi baada ya kizazi katika chumba kidogo nyuma ya maabara, chumba chenye harufu ya chachu na ndizi zilizochacha. Waliishi kwenye chupa za maziwa zilizozibwa kwa pamba, juu ya uji mgumu wa ndizi, unga wa mahindi na hamira. Kilichowafanya wawe na thamani ni macho yao. Nzi wa kawaida ana macho mekundu. Hawa walikuwa na macho mekundu yenye mabaka meupe, kama ukuta uliobanduka rangi. Mara ya kwanza aliponipa lenzi niwatazame, nilisema nzi hawa ni wagonjwa, jeni yao ya rangi imeharibika. Alifurahi, maana alipenda mtu akosee kwa ujasiri. "Ndivyo nilivyofikiri mimi pia," akasema. "Lakini kama imeharibika, haya mekundu yametoka wapi? Jicho ni moja, na kila seli ndani yake ina jeni ileile."

Kisha akanieleza, na nadhani ndiyo siku niliyoipenda sayansi. Jeni ya rangi haikuharibika hata kidogo. Zamani, katika nzi mmoja wa ukoo ule, uzi wa kromosomu ulikatika, ukageuka, ukaungika tena, na jeni hiyo ikajikuta imehamia jirani na sehemu ya uzi iliyokazwa sana. Sehemu hizo zilizokazwa, alisema, hazikai ovyo ndani ya kiini cha seli. Hujibana pamoja, mara nyingi kule ukingoni, zimeegemea ukuta wa kiini. Jeni nzima ikihamia jirani yake inaweza kukazwa pamoja nazo na kunyamaza. Katika seli nyingine mkazo huo unaenea mpaka unaifunika. Katika nyingine unaishia njiani, jeni inabaki wazi, inafanya kazi, na pale jicho linakuwa jekundu. "Tulifundishwa kuuliza jeni imeandikwa nini," alisema. "Sasa inabidi tuulize imekaa wapi." Halafu, kwa sababu alikuwa mwalimu kweli, akanionya nisilifanye jambo hilo kuwa jepesi. Si kila kilichoko ukingoni kimenyamaza. Ziko jeni zinazofanya kazi palepale pembeni, karibu na matundu ya ukuta. Pia hatukujua bado kama jeni hunyamaza kwa sababu imepelekwa pembeni, au hupelekwa pembeni kwa sababu imeshanyamaza. "Hilo," akasema, "wewe ndiye utaniambia." Nilitembea kwa miguu mpaka Buyenzi jioni ile nikiwa siioni hata njia.

Haukupita muda milio ya risasi ikakaribia chuo, masomo yakasimamishwa, umeme wa maabara ukakatwa. Profesa aliniita haraka. Yeye hakuweza tena kuvuka mitaa iliyokuwa kati ya nyumba yake na maabara. Mimi bado niliweza. Akaniomba niwachukue nzi nikakae nao. Niliwabeba kwenye kikapu cha sokoni, chini ya mchicha, na kwenye bariyeri kijana mmoja alipoinua majani na kuona chupa alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. "Iko nini hii?" Nikamwambia ni dawa ya mama. Nilipofika nyumbani nikamchorea Profesa kwenye kipande cha karatasi namna ya kuipata nyumba yetu, nikamtuma mtu ampelekee, ili siku mambo yakitulia aje kuwachukua. Nilidhani ataona nyumba yetu mara moja tu, na hata hilo lilininyima raha. Majirani nao hawakuchelewa. Walisikia kwamba binti aliyepelekwa shule kubwa amerudi kufuga nzi chumbani, nao wateja wakaanza kumuuliza mama kwa utani kama nyama ya leo ina mboga ya ziada. Mama alicheka nao. Mimi nilikuwa nikipita kati ya meza za mkahawa wake nikitazama vidole vya miguu yangu.

Alikuja asubuhi, wakati mama anachagua mchele. Sikumtambua. Alikuwa hana viatu, hana miwani, shati limechanika begani, na alisimama mlangoni akiwa ameshika ile karatasi kama mtoto aliyetumwa dukani. Sitaandika kabila lake. Waliomtafuta walilijua, na mimi nimechoka kuona watu wakipewa kabila kabla ya jina. Mke wake na watoto walikuwa wametangulia Kigoma. Yeye alibaki kwa ajili ya wanafunzi, na usiku uliotangulia nyumba yake ilichomwa. Alisema, "Madmwazeli, nimekuja kuwaona nzi," kisha akakaa chini palepale kizingitini. Mama hakumuuliza swali. Alimpa chai ya tangawizi na chapati, akangoja amalize, akamsikiliza alipomshukuru. Uso wa mama ukabadilika.

"Kiswahili yako ni ya kitabu," alimwambia. "Ukifungua kinywa tu, mutu atajua umetoka mulima gani. We hutaongea hapa. Hata neno moja. We ni kaka yangu wa Fizi, kule Kongo, na ni bubu toka kuzaliwa."

"Mama, huyu ni Profesa," nikasema.

"Leo ni bubu. Profesa watamuchinja."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyesema lugha nne alijifunza kusema kwa mikono. Alivaa suruali kuukuu ya fundi mmoja na kanzu iliyofupishwa, akaacha ndevu ziote. Mama hakumficha, maana alijua mtu aliyefichwa hutafutwa. Alimweka mbele ya macho ya watu wote, kwenye beseni la kuoshea vyombo, palipo na moshi na kelele. Kuanzia asubuhi aliteka maji bombani, akamenya viazi, akasugua masufuria kwa majivu, akapeleka sahani za ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mafundi walimzoea upesi. "Bubu, leta pilipili!" "Bubu, maji!" Walimpigia makofi mbele ya uso ili atazame, maana waliamini bubu ni kiziwi pia, naye ilimbidi ajifunze kutogeuka anapoitwa kwa jina na kugeuka tu anapoguswa. Watoto wa mtaa walimfuata bombani wakiiga mwendo wake. Mama mwenyewe, ili kulinda uongo wake, alimfokea mbele ya wateja vilevile ambavyo angemfokea ndugu mzigo. Usiku tulipokula wenyewe alimwekea kichwa cha samaki, mukeke wa ziwani, sehemu nzuri kuliko zote, bila kusema kitu. Mimi ndiye sikujua la kufanya. Nilipokuwa nikipita na kumwona ameinama kwenye beseni, ile mikono iliyokuwa ikishika chaki ikiwa imechunika kwa majivu, niliona haya hata sikujua ni kwa ajili ya nani: kwake, kwetu, au kwangu niliyeogopa miezi michache nyuma asije akaona tulivyo maskini. Sasa alikuwa ameona kila kitu. Alijua tunalala wangapi kwenye chumba, na alijua siku mama anapoongeza maji kwenye maharagwe.

Lakini mchana, chakula kikishakwisha na mafundi wakiwa wamelala chini ya magari yao, kulikuwa na saa moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafurahi kabla sijaumia. Nilifunga mlango wa chumba cha nyuma, palipokuwa na chupa za nzi, naye akawa anaongea. Alinong'ona tu, lakini mnong'ono wenyewe ulikuwa na adabu ya darasa: sentensi zinaanza na zinafika. Alinifundisha kupasua buu la nzi kwa sindano mbili na kutoa tezi za mate, ambako kromosomu ni nene kuliko mahali pengine popote mwilini, na ingawa hatukuwa na darubini alinichorea kwa mkaa sakafuni namna nyuzi zote zinavyokutana kwenye fundo moja lililokazwa. Tulihesabu macho yenye mabaka kwa lenzi, mmoja akitazama, mwingine akikumbuka. Ndipo tukaona jambo. Chupa zilizokaa juu ya rafu iliyopakana na ukuta wa jiko, palipo na joto la makaa mchana kutwa, zilitoa nzi wenye macho mekundu zaidi. Zile tulizoweka sakafuni nyuma ya mtungi wa maji, penye ubaridi, zilitoa nzi ambao macho yao yamekaribia kuwa meupe. Ukoo mmoja, uji mmoja, chumba kimoja. Jeni iliyosukumwa pembeni ilinyamaza zaidi ilipokulia kwenye baridi, na ilifunguka zaidi ilipokulia kwenye joto. Aliniambia kwamba jambo hilo limo vitabuni tangu kabla hajazaliwa, lakini alisema hivyo huku amenishika mkono kwa furaha, na macho yake yana maji. "Limo vitabuni," alirudia. "Lakini hili ni letu."

Siku hiyo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa kijana, nimelewa uelewa mpya, nikasema, "Profesa, basi hata wewe ni kama jeni hiyo. Uko mzima, umehamishwa tu, ukanyamazishwa." Nilidhani nimesema jambo zuri. Aliachia mkono wangu. Nikasikia mama anapanga sahani upande wa pili wa ukuta.

"Usinifanye mfano, Madmwazeli," alisema. "Jeni ikinyamazishwa haijui kwamba imenyamazishwa. Haioni haya. Mimi nikipigiwa makofi kama mbwa, najua."

Niliomba radhi. Akasema hakuna radhi ya kuomba, nimekosea kwa ujasiri, na tukaendelea kuhesabu. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kumfundisha mwanafunzi jambo la jeni kwa kuilinganisha na mtu. Wanafunzi wangu husema somo langu ni kavu. Labda ndivyo.

Walikuja saa ya chakula cha mchana, siku ambayo mama alikuwa amepika pilau kwa sababu fundi mmoja amepata mtoto. Walikuwa vijana watatu wasio wa mtaa wetu, na mmoja wao, mwenye shati jekundu, alikuwa na guruneti kiunoni kama mtu mwingine anavyobeba funguo. Wakaagiza pilau, wakala taratibu, wakamsifu mama kwa mapishi. Kisha yule wa shati jekundu akasema, "Mama, tunasikia kuna profesa moja anapitaka huku. Mutu murefu."

"Profesa?" mama akasema. "Hapa wanakulaka mafundi tu, mwanangu. Profesa atakula maharagwe yangu?"

Kijana akatabasamu. Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye beseni. "Na huyu?"

"Kaka yangu wa Fizi. Bubu."

"Bubu wa kweli?"

"We muulize," fundi mmoja akasema, na watu wachache wakacheka kwa woga.

Kijana alinyanyuka. Kwenye jiko kulikuwa na birika la chai linachemka. Alilichukua kwa kitambaa, bila haraka, akaenda akasimama nyuma ya Profesa aliyekuwa ameinama, akammiminia mkononi. Nilikuwa nimesimama mbele yao nikiwa na sahani mbili. Nilimwona Profesa usoni. Niliona neno linapanda; sijui lilikuwa la Kirundi au la Kifaransa, jina la Mungu au la mama yake, lakini nililiona likifika kwenye meno, na nikaona namna alivyolimeza. Kilichotoka kilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa binadamu, sauti nene isiyo na umbo, kama ya mnyama aliyebanwa na mlango.

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka kwa nguvu, akampiga mgongoni kwa mwiko wa pilau. "Ona hii mbuzi! Hata kulia hajui!" Mafundi wakaelewa, au hawakuelewa, wakaangua kicheko pamoja naye, wakigonga meza. Kijana wa shati jekundu aligeuka akanitazama mimi. Ni mimi peke yangu niliyekuwa sijacheka. Nikajua kwamba sekunde ile ikipita hivyo, ataelewa. Nikacheka. Kicheko kilianza kwa kulazimishwa, kisha, Mungu anisamehe, hakikutaka kusimama. Nilicheka mpaka sahani zikatetemeka, mpaka machozi yakatoka, na wakati nacheka Profesa aliinua uso akanitazama. Alikuwa akitazamwa na kuchekwa na watu wote wa mkahawa, lakini yeye alimtazama mtu mmoja tu, mimi.

Vijana wakalipa, wakaondoka. Hawakurudi tena. Mama alimvuta Profesa jikoni, akamtia mkono kwenye maji ya mtungi, akampaka asali, huku akisema, "Samahani, kaka, samahani, samahani." Profesa alikuwa akitikisa kichwa kumaanisha hakuna neno. Mimi nilibaki mlangoni. Watu wameniambia baadaye, wale wachache niliowasimulia, kwamba kicheko kile kilimwokoa, na kwamba sina kosa. Najua. Kama ningekuwa nimekosa, ningetubu, na jambo lingekwisha. Hakuna wa kumwomba msamaha kwa kitu kilichokuwa sahihi, na ndiyo maana kinaendelea kuniunguza.

Kesho yake mchana niliufungua mlango wa chumba cha nyuma kama kawaida, nikakaa, nikangoja. Aliingia, akakagua chupa, akabadilisha pamba, akafanya kila alichokuwa akifanya. Nikamuuliza mkono unaendeleaje. Akanyoosha kidole gumba: vizuri. Nikamuuliza kama tuhesabu. Akaonyesha kwa kiganja: baadaye. Nikadhani ana maumivu. Siku ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu. Hatimaye nikaelewa kwamba hataongea nami tena, hata mlango ukiwa umefungwa. Hakuwa na hasira. Alinipisha mlangoni, alinimenyea chungwa. Ila alikuwa bubu. Nilijaribu kumchokoza kwa sayansi, nikasema upuuzi makusudi kuhusu kiini na ukingo wake ili anisahihishe. Alinisikiliza kwa upole, akarudi kwenye masufuria. Mama aliniambia nimwache: "Kila mutu anaponaka na namna yake."

Aliondoka siku ambayo mimi nilikuwa nimetumwa soko la Kajaga kutafuta samaki. Wafanyabiashara wa Kikongo waliomuuzia mama ndagala walikubali kumvusha mpaka Uvira kati ya magunia. Niliporudi nilikuta beseni limegeuzwa juu chini, na mama ameketi kwenye kigoda mikono mitupu, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake. Kwenye chumba cha nyuma chupa zilikuwa zimepangwa vizuri, pamba mpya, uji mpya. Niliwatunza nzi wale peke yangu mpaka msimu wa mvua, siafu walipoingia kupitia ufa wa ukuta. Asubuhi nilikuta chupa zote zimesafishwa, hata buu moja halikubaki. Ukoo wote uliotoka Ulaya ndani ya soksi uliishia Buyenzi. Nililia, na jirani aliyenisikia akauliza nani amekufa.

Chuo kilipofunguliwa upya, naye alirudi. Nilimsikia kabla sijamwona: sauti ilitoka ukumbini mpaka kwenye ngazi, ileile, nzima. Nikakimbia. Nilikaa safu ya mbele. Alikuwa anafundisha habari za kiini cha seli, na mkono wake wa kulia, ulioshika chaki, ulikuwa na kovu la rangi ya waridi. Macho yake yalipita juu ya safu yetu kama mtu anayepita juu ya dimbwi. Baada ya somo nilimfuata koridoni kumwambia nataka kuandika tasnifu yangu kwake, kuhusu jeni, mahali ilipo na kazi yake, kama tulivyozungumza. Aliniita Madmwazeli. Aliongea Kifaransa, kwa heshima yote, akitazama juu kidogo ya bega langu. Alisema ana wanafunzi wengi, itanifaa zaidi kutafuta msimamizi mwingine, na kwamba samaki wa ziwa wana mustakabali mzuri katika nchi hii. Nikasema ndiyo, Profesa. Niliandika kuhusu samaki. Nimewafundisha watoto wa sekondari biolojia maisha yangu yote, na kila nilipoifikia sura ya kiini cha seli niliifundisha haraka haraka, nikiugeukia ubao. Katika miaka yote hiyo tulikutana labda mara chache, sokoni, kwenye harusi, kwenye foleni ya benki. Alinisalimia kwa kuinua kofia. Niliamini kwamba ananichukia, na niliona kwamba ana haki.

Kutoka makaburini nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Siku hizi hatembei tena, miguu imevimba, anakaa kwenye godoro karibu na dirisha la jiko ambamo sasa anapika binti mwingine. Nilimwambia yaliyosemwa kanisani, kwamba alikuwa Uvira. Nilitegemea akasirike. Akachezea tasbihi yake kidogo.

"Ni mi nilimuambia aseme ivyo," akasema. "Siku moja alikuja, ananiuliza atawaambia nini watoto wake."

"Alikuja lini?"

"Alikuwa anakujaka. Kila Idi. Na siku zingine pia, siku we uko kazini. Anaingia kwa mulango wa nyuma, anakaa pale," akaonyesha mahali palipokuwa na beseni, "ananiletea sukari. Anaongea, Zaina! Sijaonaka mutu wa kuongea vile. Muke wake, watoto, serikali, mutoto wa kwanza kuoa, ile nzi zenu. Chai inapoa, yeye anaongea."

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo, na mama hakuniambia. Nilitaka kupiga kelele lakini nilikuwa nimevaa nguo za msiba mbele ya mwanamke mzee mgonjwa. Nikauliza kwa nini.

"Alinikataza. Nikamuambia, huyu mutoto anaumia, ongea naye basi. Akasema, apana. Akasema: Mama, wewe ulinikuta nikiwa bubu. Yeye alinikuta nikiwa Profesa."

Jikoni yule binti alikuwa anakaanga vitunguu, na moshi ulituingia wote wawili machoni. Baada ya muda nikamuuliza mama kama Profesa aliwahi kuuliza habari zangu.

"Kila mara," akasema. "Lakini kwanza alikuwa anaulizaka kama hauko."